Komeo la Bafu la Mama Mkwe

Hurlingham, Nairobi
8 Machi 2004

Mwanangu Mulwa,

Barua yako ya Februari imefika. Umejaza kurasa mbili, na moja nzima ni jua la Gaborone. Mwanangu, jua tunalo hata hapa. Siku nyingine niandikie habari.

Sisi wazima. Jicho la kushoto la baba yako limeziba kabisa na la kulia linaona vivuli tu, lakini nyumba hii anaijua kuliko wewe mwenye macho mawili na shahada tatu. Wiki iliyopita aliteleza bafuni, akajigonga kiwiko kwenye sinki. Kiwiko tu! Nilimchua kwa maji moto, ikaisha. Kosa langu ni kumtajia dada yako Kaindi.

Jumapili baada ya kanisa Kaindi akanijia na karatasi. Sema kipande cha mfuko wa simiti, maana ndicho kilichokuwa. Mumewe ameniorodheshea kwa penseli ya seremala mambo yanayokosekana katika nyumba yangu. Vyuma vya kushika ukutani. Mkeka wa mpira. Taa ya ukumbini. Komeo la bafuni ling'olewe. Halafu, shika kiti, mlango wa bafu ugeuzwe ufungukie nje, ukumbini, kama choo cha stendi!

Unamjua huyo Wambua. Duka lake liko River Road, juu ya wachapaji wa kadi za harusi, anauza mabomba, misumari na mifuniko ya vyoo. Mimi nimefundisha miaka thelathini na mitano, kumi na minne nikiwa mwalimu mkuu, leo muuza mifuniko ya vyoo ananisahihisha bafu.

Nilimjibu Kaindi kwa adabu. Nilimwambia sisi ni Wakamba, na nthoni haijafutwa. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawaketi chumba kimoja, sembuse akanyage bafu ninamooga. Akimleta mkewe hapa, Wambua hungoja ndani ya pikapu yake getini, na hapo ndipo mahali pake. Kaindi akaondoka bila kumaliza chai.

Baba yako anakusalimu. Anauliza utakuja lini, nami namwambia una kazi nyingi.

Mama yako,
Nzembi

*

Gaborone
21 Machi 2004

Mama,

Shikamoo. Pole kwa kiwiko cha Baba.

Kuhusu Wambua, hata mimi sijawahi kuelewa Kaindi alimpendea nini. Siku ya harusi aliniuliza ninafundisha nini chuoni. Nikamwambia falsafa, akaniuliza hiyo inatengeneza nini. Kwa hiyo sikushangaa kusikia habari ya mfuko wa simiti.

Lakini bafu lenyewe linanitia hofu. Baba ana miaka sabini na minane na haoni. Nimepiga simu kwa kampuni moja ya Westlands inayorekebisha nyumba za wazee, watu wenye ofisi na kadi, na watamtuma mtu wiki ijayo. Nitawalipa mwenyewe kutoka huku. Tafadhali mpokee vizuri. Usimfukuze.

Na ununue simu ya mkononi, Mama. Hiyo ya mezani imekufa tangu waya zilipoibiwa, mtaitaje mtu mkipata shida?

Mwanao,
Mulwa

*

Hurlingham
3 Aprili 2004

Mwanangu,

Nimemfukuza.

Alikuja kijana mwenye tai pana kuliko kifua chake, ananukia kama harusi. Hakutoa hata futi ya kupimia. Alinifungulia kitabu cha picha za wazee wa kizungu wanaocheka wakiwa ndani ya maji. Nikamuuliza, kijana, wewe umewahi kumwogesha mtu mzima? Akaniambia yeye ni wa mauzo. Basi nikamwonyesha geti, akauze.

Ukitaka kujua kazi, nenda kwa jirani yetu Bwana Pritam. Juzi nilikwenda kumjulia hali, mguu wake wa sukari unamsumbua, na nikaingia bafuni mwake kunawa. Mulwa, nilikaa humo nikashika vyuma vyote kimoja kimoja. Havitikisiki. Vimewekwa pale pale mkono unapotafuta. Sakafu haitelezi, na hakuna hata tone la simiti lililoachwa kwenye vigae. Mlango unafungukia nje, na kwa Bwana Pritam inapendeza, sijui kwa nini. Nikajiambia, huyu fundi alilelewa na mama. Haya ndiyo mambo ya Wahindi, wanajua kuchagua watu wa kazi, si sisi tunaookota tu yeyote aliyeoa kwetu.

Nilimwomba Bwana Pritam jina la fundi. Akacheka mpaka akakohoa, akasema atampa salamu zangu. Nangojea mpaka leo.

Simu ya mkononi sitaki. Sijawahi kukaa na kitu kinachonikatiza nikisema.

Mama yako,
Nzembi

*

Kangemi
17 Aprili 2004

Kaka Mulwa,

Mama amenisomea barua yako mwenyewe, kwa sauti, na pale pa "alimpendea nini" akasoma mara mbili. Asante sana. Wambua alikuwa nje kwenye pikapu, hakusikia. Mimi nilisikia.

Sasa nisikilize. Hilo bafu la Pritam ambalo Mama analiimbia mtaa mzima, lilitengenezwa na Wambua. Siku nne za mwaka jana mwezi wa Novemba. Pritam ni mteja wake wa miaka tisa. Alipoulizwa jina alicheka kwa sababu alidhani Mama anatania, na alipojua hatanii akamwonea aibu. Wambua amenikataza kumwambia. Anasema ataonekana kama anamlipiza mama mkwe, na si heshima. Mimi sijakatazwa kukwambia wewe.

Na hiyo nthoni, Mulwa! Krismasi mume wa Kanini alikaa wapi? Au kwa sababu dada yetu mkubwa aliolewa na wakili, desturi ya Wakamba inaishia ngazi za ofisi yake? Mama alimpakulia paja la kuku kwa mkono wake, akamtazama usoni, akacheka vichekesho vyake vibaya vya mahakamani. Wangu alipelekewa sahani getini, juu ya boneti, imefunikwa kwa sufuria. Na yeye Wambua anaamini kweli. Anaiheshimu nthoni kuliko Mama anayeitaja. Ndiyo maana hajawahi kulalamika, ananiambia mama yako ananiheshimu kwa njia ya kwetu.

Sijui kama nilie au nicheke. Baba ataanguka humo ndani na nyinyi wawili wasomi mtaandikiana barua.

Kaindi

*

Gaborone
28 Aprili 2004

Mama,

Fundi wa Bwana Pritam anaitwa Wambua wa River Road. Ndiye mkweo. Vyuma ulivyovishika kimoja kimoja alivitia yeye.

Kwa hiyo tuache nthoni. Mume wa Kanini alikula mezani kwako Krismasi. Ukimwogopa mkwe, mwogope na huyo. Ukweli ni kwamba unamwonea haya Wambua mbele ya watu wa kanisa, na mimi nilikusaidia, nilicheka nawe katika barua yangu ya Machi. Nimeisoma nakala yake jana, nikajidharau.

Mwache afanye kazi. Ukitaka desturi, kaa chumbani mlango umefungwa mpaka amalize. Baba akiumia, hii barua itabaki kabatini mwako na tarehe yake.

Mulwa

*

Hurlingham
19 Mei 2004

Mulwa,

Barua yako ya matusi niliipata tarehe kumi. Sikujifunza kusoma ili nije nisomewe makosa na mtoto niliyemfunga nepi. Hata hivyo nilikubali nusu. Nilimwambia Kaindi vyuma viletwe viachwe, fundi nitamtafuta mwenyewe.

Sasa kaa chini. Baba yako ameanguka.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na tatu, saa nane kasorobo mchana. Aliingia kuoga, akafunga komeo kama anavyofunga siku zote. Mimi ndiye niliyemzoesha. Nikasikia kishindo. Aliangukia mlangoni, Mulwa. Hata komeo alipolifikia akalifungua kwa kidole, nilisukuma mlango ukasogea kidogo tu ukagota mgongoni mwake. Akaniambia, "Nzembi, usinisukume, unaniumiza." Nikaacha.

Nyumba haikuwa na mtu. Nilipitia nyuma nikaenda kwa Bwana Pritam, hakuwepo, alikuwa kliniki, nikamwachia kikaratasi mlangoni. Nikarudi nikakaa ukumbini, nikawa naongea naye kupitia ule upenyo. Aliniuliza mara tatu kama kuna mtu anayekuja. Bwana Pritam alirudi saa kumi akaja na watu, wakaingilia dirishani wakamtoa. Nyonga imevunjika. Amefungwa uzito mguuni, daktari anasema wiki sita au zaidi, na kuhusu kutembea hatoi ahadi.

Alikaa sakafuni saa mbili na robo, uchi, majini. Hapakuwa na mtu wa kuita. Nakuandikia tena ili usije ukanilaumu, hapakuwa na mtu yeyote.

Usije sasa. Wodi ina saa moja tu ya kutazama wagonjwa na inatutosha sisi.

Mama yako

*

Kangemi
27 Mei 2004

Shemeji Mulwa,

Sasa. Natumai uko poa huko. Hii ndio mara yangu ya kwanza kukuandikia, na mimi kuandika sio kazi yangu, kwa hivyo nivumilie.

Nakuandikia kwa sababu wewe ndio mwanaume wa hiyo nyumba saa hii Mzee akiwa wodi, na kuna makosa nimefanya lazima niseme kwa mwanaume wa nyumba.

Siku ile Mzee alianguka mimi nilikuwa hapo. Kaindi aliniambia mama amekubali nilete vyuma, basi nikafunga duka, nikafika kwa geti saa nane hivi. Nikapiga honi kidogo. Geti ilikuwa imefungwa. Nikaona pazia ya sebule imesonga, nikajua nimeonekana, nikatulia ndani ya gari nikingoja Mzee atoke achukue, vile tumezoea. Sikutaka kupiga honi mara mbili kwa mama mkwe, ni kama kumwamrisha. Nikangoja. Hakuna mtu alitoka. Nikafikiria labda hiyo pazia ilikuwa upepo. Nikasoma gazeti yote, nikalala kidogo.

Saa kumi Pritam akaingia kwao na gari, halafu nikamwona ametoka mbio na ule mguu wake, akaanza kupiga kioo yangu. Wambua unalala na mzee wako anakufa! Nikaruka geti. Shemeji, hiyo kazi ilikuwa ya dakika kumi. Hiyo dirisha ya bafu ni ya vioo za kuchomoa, unakunja chuma kidogo unatoa moja moja. Nikachomoa zote sita, nikaingia, nikafunika Mzee na taulo, nikamsogeza polepole kutoka kwa mlango. Alikuwa baridi kama bomba. Hakunijua. Aliniita Mulwa.

Sasa makosa ni hii. Nimeingia bafu ya mama mkwe wangu. Nimeona baba mkwe wangu uchi. Na nikitoka nikapita mama kwa ukumbi, karibu hivi, nikavuta kofia na yeye akajifunika leso akaangalia ukuta, lakini tulionana macho. Tangu hiyo siku Kaindi akienda huko mimi nashindwa hata kusimama kwa geti. Nimeambia wazee wa kwetu, wanasema lazima nipeleke mbuzi kuomba msamaha. Mbuzi niko naye tayari. Nauliza tu kama mama atampokea, au atakasirika zaidi.

Na umwambie ule mlango ugeuzwe kabla Mzee hajatoka hospitali. Si lazima niwe mimi. Kuna fundi mwingine mzuri naweza kutuma, amesoma.

Ni mimi shemeji yako,
Wambua

*

Gaborone
9 Juni 2004

Mama,

Hii ni barua ya Wambua, nimeiweka humu kama nilivyoipata. Isome mpaka mwisho.

Uliniandikia mara mbili kwamba hapakuwa na mtu.

Mulwa

*

Hurlingham
21 Juni 2004

Bwana Wambua,

Mwandiko wako ni mbaya, na kwenu hamkufundishwa kupanga habari. Nimeusoma mara nne, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Mbuzi wako usimlete. Ukimleta nitamfungia nje pamoja nawe, na tutaaibika wote watatu. Hukukosa lolote. Umewaambia wazee wenu uongo bila kujua, nenda ukawasahihishie.

Umemwandikia mwanangu kwamba labda pazia lilisukumwa na upepo. Siku hiyo hapakuwa na upepo wala dirisha la sebule halikuwa wazi. Nilishika pazia kwa mkono wangu nikakuona, umeweka gazeti kwenye usukani. Mume wangu alikuwa chini robo saa tayari. Nikajua kabisa kwamba wewe ndiye mtu ninayemhitaji na kwamba uko hatua thelathini kutoka mlangoni. Nikapita nyuma, nikaruka ua la michongoma kwa umri huu nikachanika mguu, nimwite mtu mwingine. Na nilipomkosa nikarudi nikakaa ukumbini. Nikatazama pazia tena saa tisa. Ulikuwa umelala, mdomo wazi. Nikasema moyoni, huyu? Huyu ndiye aingie amwone Kivuva wangu uchi, kisha akawasimulie River Road? Mume wangu akaniuliza kama kuna mtu anayekuja, nikamwambia wanakuja.

Haikuwa nthoni. Nthoni ni neno zuri nililolifunika juu ya jambo baya. Nilikudharau, Wambua. Nilidharau duka lako, kofia yako na namna unavyosema "vioo za kuchomoa". Nilitaka binti yangu aolewe na mtu wa kutajwa kanisani, akaolewa na mtu wa kazi, na nimekulipizisha hilo miaka minane getini. Wewe ukadhani ni heshima. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kwamba ulidhani ni heshima.

Mambo ya kazi ni haya. Daktari anasema atatoka mwanzoni mwa mwezi ujao, katika kiti cha magurudumu. Nimepima mlango wa bafu, ni inchi ishirini na sita, na kiti ni ishirini na tano, nawe utajua zaidi. Vyuma ulivyoviacha siku ile bado viko sebuleni. Fundi wako aliyesoma simtaki. Uje Jumamosi saa tatu asubuhi, uingie na Kaindi, nami nitakuwa jikoni, sitakuwa chumbani. Chai utakunywa mezani. Usinishukuru, nitakasirika.

Kuna jambo moja limebaki. Kila siku saa ya wagonjwa Kivuva ananiuliza ni nani aliyemfunika taulo. Alikuwa na mikono mizito, anasema, lakini alimshika kama yai. Anadhani ni Mulwa aliyetoka Gaborone. Nimekuwa nikimwambia ni mmoja wa vijana wa Pritam, na anataka aletwe amshike mkono. Kesho nitamwambia ni wewe. Ataniuliza ulifika saa ngapi, maana yeye ndiye anayejua alikaa sakafuni muda gani. Nimeolewa naye miaka arobaini na sita na sijawahi kumpa jibu ambalo hakuliamini. Kesho nitamwambia ulifika saa nane.

Nzembi